Mstari wa Kumi na Nne

Kwenye daftari la wazazi, hospitali ya Jinja,
Jumatatu, ishirini na tano Januari, sabini na moja,
mimi ni mstari wa kumi na nne:
mtoto wa kike, ratili sita na nusu,
mama Nekesa, baba Ouma wa kiwanda cha nguo.
Mwandiko umenyooka.
Mstari unaofuata umemwagikiwa wino,
maana mkunga Tezira aliinua kichwa katikati ya jina
redio ya mlinzi ilipokatiza muziki
na sauti ngeni ikaanza kusoma sababu,
ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi na nane.

Mama hakuzisikia. Alikuwa na zake:
kitovu, maji ya moto, khanga moja kavu.
Nje magari yalipiga honi mpaka bwawani,
watu wakavunja matawi, wakacheza nayo.
Baba naye akaingia wodini na tawi,
akalitazama, akanitazama,
akakosa pa kuliweka.

Kitanda cha pili, mke wa koplo, Mlango wa kule Lira.
Mwanawe Odur ndiye huyo wa kumi na tano.
Yeye hakujua Kisamia, mama hakujua Kilango,
wakaokota Kiswahili cha kambini, cha kuungaunga:
"Wako nalia sana."
"Wako nalala kama nashiba."
Lugha hiyo hiyo baadaye iligonga milango usiku.
Siku ile ilivusha sukari
kutoka kitanda hadi kitanda.

Julai koplo alitoka kwenda paredi.
Mama alibeba kilo mbili za unga hadi geti la kambi,
akarudi na unga wake.
Ulikaa juu ya kabati mpaka ukaingia wadudu.
Hakuna aliyethubutu kuupika.

Nikakua na tarehe isiyokatiwa keki.
Baba aliizima redio tangu asubuhi,
akasema betri zimekwisha. Kila mwaka, siku moja, betri zimekwisha.
Nilipotimiza kumi na tano mizinga ilikuwa Kampala.
Kulipokucha, serikali nyingine,
na kesho yangu ikawa sikukuu ya taifa.
Kalendani namba yake ni nyekundu,
yangu nyeusi, imejibana pembeni
kama abiria aliyewahi mno stesheni,
dirisha la tiketi bado limefungwa.

Karani wa benki husoma kitambulisho, kisha hunitazama.
"Ah. Siku ile."
Kana kwamba nilikuja na bunduki.
Kana kwamba mimi ndiye sababu ya kumi na tisa.

Mwaka juzi nilifuata cheti cha kuzaliwa.
Daftari lilitoka stoo na harufu ya popo.
Karani akaweka rula chini ya mstari wangu asichanganye.
Nikamwomba aisogeze.
Akaguna, akaisogeza:
*Odu*, kisha doa kubwa kama kisiwa,
kisha uzito, ratili saba.
Alinizidi nusu ratili. Hilo mama hakuwahi kuniambia.

Sasa tarehe hiyo ikifika nawasha redio.
Mtangazaji wa Lira huanza na "Siku kama ya leo":
mapinduzi, mwaka, saa, majina ya wakubwa,
na mtu fulani wa Ulaya aliyegundua kitu.
Halafu hufungua simu za salamu.
Mwaka huu nilipata laini mara ya sita.

"Namsalimu Odur. Leo anatimiza miaka sawa na mimi."
"Odur nani, mama? Huku kina Odur ni wengi."
"Sijui. Wino ulimwagika."
"Yuko wapi?"
"Popote alipo, kama yupo.
Mwambie mama yangu aliuleta unga."

Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zikipekuliwa.
Akasema, haya, Odur wa unga, salamu zako hizo kutoka Jinja,
akaweka tangazo la sabuni.