Mguu Ulikuwa Chini

Fundi wa Barani kasema pampu.
Wa Kisumu Ndogo kasema pampu, akaongeza nozeli,
akafuta mikono kwa tambara, akataja elfu sitini
kama anayetaja bei ya mahamri.
Nikairudisha Pijo nyumbani Muyeye kwa gia ya pili,
hata mkokoteni wa maji nusura unipite.

Asubuhi nikafungua boneti kabla jua halijashika bati.
"Ngumbao, ingia. Usiwashe. Kanyaga mafuta tu."
Mpwa wangu ana miaka kumi na mbili,
miguu ndiyo kwanza inafika.
"Nimekanyaga."
"Mpaka chini?"
"Mpaka zulia, shangazi."
Na kule kwenye pampu ule mkono mdogo wa chuma
ukainuka nusu, ukasita,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Nikaifuata njia kwa kidole.
Springi nzima. Fimbo ya kwanza imenyooka.
Kwenye kiungo cha pili kidole kikacheza:
bushi imeliwa, imebaki pete nyembamba kama ukucha,
tundu limegeuka yai.
Chumvi hiyo. Miaka kumi na tisa Baba akienda Gongoni
kuhesabu magunia ya watu wengine.

Basi hapa ndipo mwendo ulipokuwa ukimwagika.
Mguu unatuma kumi,
kiungo kinakula nne,
lawama anabeba aliyepokea sita.

Nikakaa juu ya ndoo.

Miaka mitatu ya mwisho tulimcheka.
Jefwa alisema: Baba siku hizi anaendesha
kama anayesindikiza maiti.
Pale mwinuko wa kutoka daraja la Sabaki
malori ya mchanga yakitupigia honi kisogoni,
mimi kando yake, macho nimeyatupa mtoni kwa aibu.
"Baba, ongeza mafuta."
"Nimeongeza."
Tukasema uzee. Tukasema ubahili wa dizeli.
Tukampokonya ufunguo, kwa adabu, kwa mikono miwili,
naye akautoa bila neno
akaenda kunawa.

Kumbe mguu ulikuwa chini.
Mpaka zulia.

Nimekata kipande cha mpira wa gesi,
nimekipaka sabuni, nimekisukuma tunduni,
nikakibana kwa waya wa breki ya baiskeli.
Si dawa ya kudumu. Bushi yenyewe
inakuja na basi la Alhamisi kutoka Mombasa,
shilingi mia mbili na hamsini.

"Kanyaga."
Mkono ukainuka wote, ukagonga kizuizi: ko.
"Achia."
Ukarudi. Kurudi nako nilikuangalia sana;
gari lisilojua kurudi huua.
"Tena."
Ko.

"Shangazi, niwashe sasa?"
"Ngoja kwanza," nikamwambia, kichwa ndani ya boneti
asinione uso.
"Kanyaga tena.
Nataka kusikia."