Utepe Mweupe

Kazi ya Delmar Fontenot ni kuinama.
Miguu kapanua, kichwa chini,
auona uwanja umepinduka: mashabiki waning'inia
kama popo, theluji yapanda.
Aurusha mpira nyuma, yadi kumi na tano,
kisha jitu lampitia juu. Basi.

Kwenye helmeti jina lake ni utepe na wino.
Cleveland waliliandika Fontno.
Hakusahihisha;
la wiki mbili litadai herufi zote?

Buffalo, Tampa, Detroit, tena Buffalo.
Jumanne, kijana wa ofisini agonga:
"Kocha anakuita. Njoo na kitabu cha mbinu."

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, husemwa.
Yeye hupewa la kwanza,
ya tatu hunyang'anywa.

Renette, kule Opelousas, haulizi tena kama wameshinda.
Huuliza, "Funguo hizi za wapi?"
Nne, mfukoni. Hata yeye hajui.

Simu haijalia tangu Agosti.
Uani, Odile asimama hatua kumi na tano, mikono tayari.
Babake ainama,
goti lalia kama bawaba,
amwona binti kichwa chini, acheka,
viatu vyake mawinguni.