Ukishang'oa Mabomba

Mimi ni fundi wa pampu za visima, Zuzu hadi Bahi.
Mikono yangu imezoea giza la mita arobaini,
hujua kwa mtikisiko wa mpini tu
kwamba huko chini ngozi ya valvu imechanika,
maji yanapanda hatua moja, yanashuka mbili.

Kwa hiyo daktari alipouchora moyo wa Sechelela
nyuma ya karatasi ya maabara,
vyumba vinne, milango minne,
nilimwelewa kabla hajaweka kalamu chini.
"Huu wa kushoto unavuja sana. Huu wa kulia, kiasi."
Kisha akanyamaza, kama ninyamazavyo mimi
nikishajua gharama.

"Tukitengeneza mmoja, tutatoka mapema.
Tukitengeneza yote miwili, moyo utasimama zaidi,
na kila dakika ina bei.
Tukiuacha wa pili, huenda ukatulia wenyewe.
Huenda mkarudi. Na kifua hakifunguki mara ya pili
kama kilivyofunguka mara ya kwanza."

Nikasema: kwetu, ukishang'oa mabomba
hubadilishi valvu moja ukaacha nyingine.
Akatabasamu. "Pampu unaweza kuilaza juani
ukaenda kula ugali."

Nikakosa la kujibu.

Nililikumbuka lile koo. Alikuwa darasa la tatu,
wakati wa kuvuna uwele; homa, magoti yamevimba,
mama yake akasema anakua huyo, mifupa inanyooka.
Tukamsukutulisha maji ya chumvi.
Hatukujua kuwa koo hukopa
na moyo ndio hulipa.

Yote miwili, nikasema. Nikasaini.
Herufi zangu kubwa zilitoka nje ya mstari.

Saa sita na nusu.
Upepo wa Julai ulitupa vumbi jekundu kwenye vioo,
mlinzi akila karanga, mimi nikimhesabia maganda.
Ndani, mashine ilishika zamu ya mwanangu,
damu yake ikizunguka kwenye mipira
kama maji ya kuazima kwa jirani.

Miezi mitano imepita.
Mlango wa kushoto unafunga. Wa kulia
bado unapitisha uzi; uzi tu, anasema daktari.
Vidonge asubuhi, sindano kila mwezi
ili koo lisikope tena,
na mapigo ambayo usiku mwingine huruka moja.
Yeye amelala. Mimi ndiye ninayesikia.

Ndahani wa Mpwapwa, kitanda cha pili,
aliyetengenezewa mmoja tu,
anaendesha baiskeli.
Sijui niseme nini juu ya hilo.

Jana nilimkuta Sechelela kisimani.
Akapampu nusu ndoo, akasimama,
akaegemea mpini, akavuta pumzi, akaendelea.
"Baba, mpini huu mzito."
Nikaushika. Haukuwa mzito.
Nikafungua sanduku la spana.