Kabla ya Kijani

Bwana Nandonde alinipigia simu kabla ya adhana:
mikorosho yangu ina homa, njoo na dawa.
Nikapanda bodaboda kutoka Newala,
kofia nimeifunga kidevuni kwa kamba ya kiatu,
mikono mirefu, soksi, shingoni leso ya marehemu mama.
Kitangari tuliikuta imeshaamka,
na jua lile la uwanda wa juu,
jua lisilobisha hodi.

Shambani, panga mkononi, akanionyesha:
tazama, machipukizi yote mekundu kama macho ya mlevi.
Juzi hayakuwapo. Leo yananing'inia, hayana nguvu.
Jirani kasema nikate, isije ikahamia kwake.
Mfuko wa salfa ulikuwa umeshafunguliwa mdomo.

Nikachuma jani moja. Laini, kama sikio la kichanga.
Nikaomba kinu kidogo, maji, limau.
Tukaketi barazani, nikalitwanga.
Maji kikombeni yakawa kama chai iliyolala,
nikakamua limau,
na wekundu ukaruka, ukawaka,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Bwana Nandonde, nikasema, hii si homa.
Huu ni mwavuli.
Jani changa bado halijajenga jiko lake.
Kijani ndicho chungu, mwanga ndio moto,
nawe wajua chungu kibichi kikibandikwa motoni.
Basi mti unampaka mwanawe rangi.
Wekundu unasimama mlangoni,
unalipokea jua, unalipima,
unaruhusu kiasi.
Wiki mbili, tatu, jani likishakomaa
litaivua nguo hiyo lenyewe,
bila kuambiwa, bila ngoma.
Kitaalamu tunaiita anthosianini.
Akalirudia neno, likamkwama kwenye pengo la meno, akaliacha.

Ubwiriunga ni mwingine, nikaendelea,
huo ni mweupe, huo ndio wa kupulizia salfa.
Nilipotamka mweupe
nikasikia ulimi wangu umenikanyaga.

Naitwa Sikudhani.
Baba ndiye aliyelitoa jina, mlangoni mwa wodi, aliponiona,
na sijapata kumuuliza mwisho wa sentensi.
Mimi mti wangu haukunipaka kitu.
Najipaka mwenyewe: alfajiri, saa nne, saa saba,
pua mara mbili, na nyuma ya masikio
ambako wengi husahau.
Kijani changu hakiji, wala sikingojei.
Nina tyubu, nina mkoba, nina kazi ya serikali.

Akanitazama. Kofia. Soksi. Mikono.
Si mtazamo ule ninaoujua wa stendi;
huu ulikuwa wa mtu anayehesabu.
Akaufunga mfuko wa salfa kwa uzi wa katani,
taratibu, mafundo matatu.
Akaita ndani jina ambalo sikulishika.
Hakutoka mtu.
Dirisha la uani lilikuwa limezibwa kwa kanga mbili.

Haya mafuta yako, akasema, akiliangalia panga,
yanauzwa? Au mpaka mtu awe na kazi?
Nina mjukuu. Miaka minne.
Mkorosho anaujua kwa mbalamwezi tu.

Nikarudi kimya kwenye karatasi ya sampuli,
nyuma yake nikaandika:
hospitali ya wilaya, chumba cha ngozi, Alhamisi.
Kisha nikaona, karatasi haimpaki mtu.
Tyubu ilikuwa nusu.
Niliikunja mkia ili yaliyomo yapande juu,
nikaiweka mezani, kando ya kikombe chekundu.
Masikio, nikamwambia. Usisahau masikio.

Saa tano na nusu nikarudi Newala,
leso nimeivuta mpaka machoni.
Kijana wa bodaboda akauliza, dawa ilipatikana?
Nikasema mikorosho haiumwi.
Pua iliniwasha siku tatu.