Kulia na Chini

Saa moja kasorobo Halake hulisukuma gazeti
chini ya mlango wa chuma, Barabara ya Kirinyaga,
nami hulifungua kwa nyuma, kama mla samaki aanzaye mkiani.
Mawaziri wangoje. Bei ya unga ingoje.
Ukurasa wa pili kutoka mwisho: miraba myeusi, miraba myeupe,
safu mbili za vidokezo, Kulia na Chini,
na jina la mtungaji, dogo kama mwenyewe: Siafu.

Penseli kwanza. Kalamu ya wino haiguswi kabla ya saa nne.

*Kaa bila mkia, nenda kisiwani, uandike. (6)*

"Kaa hana mkia," akasema Lemashon,
kijana wa stoo, grisi hadi viwikoni.
Hana, kweli. Basi mkate herufi ya mwisho,
ibaki KA, umpeleke Lamu.
Alisimama na boksi la beringi kifuani,
kimya, kisha akapasuka: Kalamu!
kama mtu aliyeokota noti ya elfu mtaroni.
Toka siku hiyo sikujaza peke yangu.

Leja ya duka ina kurasa mbili mbili.
Kushoto: nati, boliti, plagi zilizotoka kwa deni.
Kulia: hukumu zangu.
Tarehe tatu, la haki, lina chumvi.
Tarehe nne, kokwa kubwa, nyama kidogo.
Tarehe tisa, mwizi.

Tarehe tisa aliandika: *Mali imevurugwa. (4)*
Basi. Nikajaza MILA.
Kesho yake jibu likaja LIMA.
Nikamwandikia kwenye karatasi ya risiti,
muhuri wa duka juu: Bwana au Bibi Siafu,
fumbo lisilo na fasili ni mlango usio na nyumba.
Tupe pa kushika.

Posta haikuleta kitu.
Ila Jumanne, kumi na tisa Chini:
*Mali imevurugwa tena; mlalamishi aandike anavyosikia. (4)*
IMLA.
Nilicheka hadi mteja wa plagi akauliza kama bei imeshuka.

Miaka sita hivyo. Sikujua anaishi Kaloleni au Karen,
anakunywa nini, ana miguu mingapi.
Nilijua tu anavyong'ata, na kwamba haachii.

Kisha Julai, baridi ile isiyo na mvua wala jua.
*Mji mkuu wa Ufaransa. (5)*
*Mnyama mwenye shingo ndefu. (5)*
Jina ni lile lile.
Lemashon alimaliza kabla chai haijapoa,
akaniletea ukurasa kama mtoto na ripoti ya shule.
Sikusema neno.
Kesho yake: *Kinyume cha usiku. (6)*

Siku ya tatu nikafungua nisikozoea kufungua,
nyuso za tanzia, ishirini na mbili, tai na vilemba,
nikazipita kwa penseli, mmoja mmoja.
Mwalimu mstaafu wa Dagoretti. Mhasibu.
Bibi wa miaka tisini, wajukuu arobaini.
Nani kati yenu angeweza kumkata kaa mkia?
Huyu ana tabasamu la upande. Huyu pia.
Labda yuko likizo. Labda wameacha kumlipa.
Nilijaribu hilo nalo; herufi zilitosha,
maana haikukaa.

Leo leja iko wazi. Kushoto, Mutinda
anadaiwa shokabzoba mbili tangu Pasaka.
Ukurasa wa pili sikutoa hukumu.
Nimechora miraba mitano kwa rula,
nikatunga langu la kwanza, gumu kidogo, si la wizi:

*Mkono wa ugali, na kazi ya macho. (5)*

Lemashon anahesabu kwa vidole vyake vyeusi,
kiganja kimoja kinatosha,
anafungua mdomo,
ananitazama usoni,
anaenda stoo kutafuta nati za kumi na saba
ambazo hakuna aliyeziomba.