Nafasi ya Besi

Picha ilipigwa Bessemer, Alabama, nje ya kinyozi.
Wanaume wanne, suti nne za mkopo;
mama alimaliza kulipa deni nikiwa darasa la sita.
Wa kwanza kushoto ni baba yangu, Otha Minnifield,
aliyepanda na sauti hadi mbwa wa jirani wakanyamaza kwa adabu.
Ezell Pruitt, kiongozi: siku sita mchimba chuma,
ya saba mchimba nyoyo.
Lucious Gaddis wa sauti ya kati,
usiyemsikia mpaka akose kuja.
Na huyu ambaye mpiga picha amemkata utosi
ni Cleophus Tarver. Besi.

Mgodini hakukuwa na kinanda.
Nyundo ilihesabu, Cleophus akamwaga sakafu,
watatu wakajenga nyumba juu yake, paa na vyote.
Walijiita Taa za Sayuni,
wala halikuwa fumbo: kila mmoja alikuwa na taa kofiani.

Wanaosimulia habari zao hukimbilia santuri.
Mimi sikimbilii. Mimi nilitia wanga kola zile,
nikaunguza moja, nikaificha chini ya godoro,
na baba akaimba Tuscaloosa amejifunga skafu
kama mgonjwa wa koo.

Jumapili saa kumi na mbili alfajiri, redioni, robo saa,
malipo magunia mawili ya unga.
Kisha gari la kuchangia, mlango mmoja umefungwa kwa kamba,
Georgia, Mississippi, kanisa la mbao baada ya kanisa la mbao,
kina mama wakianguka mikononi mwa wauguzi wenye glavu nyeupe,
na mwenye ukumbi akitoroka na viingilio kupitia dirisha la choo.
Vitanda vilikuwapo hotelini. Havikuwa vyetu.
Walilala garini wamekaa kwa mpangilio wa sauti,
wakala samaki wa kopo kwa ncha ya kisu.

Karibu na Meridian, mwenye kituo cha mafuta
aliweka bunduki juu ya kaunta, taratibu,
kama mtu anayeweka chenji.
"Imbeni kwanza. Ndipo niwauzie."
Waliimba. Petroli ni petroli, na usiku ule ulikuwa Mississippi.
Lakini Cleophus alifunga kinywa.
Watatu wakaimba juu ya shimo,
nyumba ikining'inia bila sakafu,
na yule bwana, asiyejua muziki, akakunja uso
akihisi kuna kitu hakupewa.
Aliwauzia galoni tano. Alizihesabu mara mbili.

Vumbi la chuma halina haraka.
Lilimngoja Cleophus hadi barua ilipokuja kutoka Chicago:
njooni mrekodi, nyimbo mbili, dola arobaini kwa wote.
Tulimzika Jumanne. Treni ilikuwa Alhamisi.
Watu walituletea vijana wa besi
kama waletavyo sufuria za chakula msibani;
mmoja alikuwa mzuri sana, baba alikiri.
Ezell akasema hapana,
tutaacha nafasi.

Fundi wa studio alisimamisha mashine.
"Wa nne yuko wapi?"
"Yupo," alisema Ezell. "Usisogeze maikrofoni."

Ziliuzwa santuri mia mbili na kitu.
Jina lilichapwa Taa ya Sayuni,
kana kwamba alikuwa mtu mmoja.
Liliniudhi miaka mingi.
Siku hizi sina hakika kama lilikosewa.

Juzi niliicheza jikoni.
Mjukuu wangu Tavaris, miaka kumi na minne,
sauti imevunjika majuzi na hajui aiweke wapi,
alipita na bakuli lake la maziwa
akavumisha noti moja, chini, chini kabisa,
pale pale,
bila kuinua macho.

Sikumwambia kitu.
Niliinua sindano, nikairudisha mwanzo.