Ukurasa wa Kumi na Nne

Viljandi, mwezi wa kwanza, saa kumi alasiri,
jua limeshafunga duka.
Leelo amebandika vikaratasi ukuta mzima,
kila kikaratasi ukurasa, na toka ukurasa hadi ukurasa
amevuta uzi mwekundu wa sufu,
uzi alioufumua kwenye glavu iliyopoteza mwenzake.

Anatunga somo la wahudumu wa wazee majumbani,
la kusomwa kwenye kompyuta, kila mtu kwake, usiku.
Somo lenye matawi.
Ukurasa wa kumi na moja: Bibi Hilja amekataa dawa.
Amefumba midomo, ameugeukia ukuta.
Wewe ufanyeje?

     Umbembeleze.
     Uifiche dawa ndani ya uji.
     Ungoje.

Njia mbili zilimshinda fisi, akapasuka msamba.
Leelo hajapata kumwona fisi, na njia zake ni tatu,
na kila njia huzaa, na watoto wake huzaa,
hata Ijumaa jioni ukuta umekuwa kama kichwa
cha mtoto aliyemtoroka msusi katikati ya kazi.

Aliyebembeleza, kumi na mbili.
Aliyeficha, kumi na tatu, akakutane na binti wa Hilja,
na bakuli, na swali lisilo na jibu zuri.
Aliyengoja, kumi na nne:
Vuta kiti. Keti. Usiseme kitu.
Na chini yake kitufe: Endelea.

Endelea wapi? Hapo ndipo simu ilipolia,
au chai ilipofurika jikoni, hakumbuki.
Kiungo kilibaki kimetazama nyuma,
kumi na moja, kwa Hilja na ukuta wake.

Jumatatu akafungua kumbukumbu za seva.
Mwanafunzi mmoja, Urmas Kõivik,
miaka thelathini dereva wa malori ya magogo
hadi kiwanda cha mbao kilipofungwa:
kumi na moja, kumi na nne, kumi na moja, kumi na nne,
tangu saa mbili usiku hadi saa sita kasorobo.
Mara arubaini na moja.
Hakubofya Msaada. Hakuandika lalamiko.
Hakuugusa, hata mara moja, uji.

Leelo akapiga simu, radhi iko tayari mdomoni.
Kosa ni langu, nimekuzungusha kama punda wa kinu.
Kimya. Kisha sauti nzito,
ya mtu asiyezoea kuombwa radhi:
"Kosa? Mimi nilidhani ndilo somo.
Mama alikuwa hivyo hivyo, mwaka wake wa mwisho.
Unaketi. Anakataa. Unaketi tena."
Akakohoa. "Ila kiti changu cha jikoni
kimeniumiza mgongo, hilo sikufichi."

Alirudi ukutani na mkasi.
Akaushika ule uzi, kumi na nne kwenda kumi na moja,
akaushika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Hakuukata.
Aliongeza namba, ndogo, mwanafunzi haioni,
inayohesabu kimoyomoyo kama mtu anayelinda maziwa jikoni.
Ukingoja mara ya kwanza: Hilja na ukuta.
Mara ya pili: Hilja na ukuta, lakini bega limeshuka.
Mara ya tatu
mkono unatoka chini ya blanketi, kiganja juu.
Hakuna kengele. Skrini haiandiki Sahihi.

Meneja, Bwana Raivo, alipinda shingo akifuata nyuzi.
"Na atakayengoja mara moja akachoka,
atajuaje kwamba mbele kuna mlango?"
"Hatajua," alisema Leelo.
"Basi tutaletewa malalamiko."
"Tutaletewa."

Akatoka saa moja usiku, theluji inaanza upya,
mikono yote miwili mifukoni:
glavu moja ilipotea njiani, hajui njia ipi,
na ya pili iko ukutani, inapeleka watu.